Mbio za Somerville: jina lilikwepa sheria

Mhariri,

Wengi hudhani "Tour of Somerville", mbio za baiskeli za mji mdogo wa Somerville, New Jersey, Marekani, ni za hatua nyingi kama zile za Ufaransa. Sivyo. Ni mbio za siku moja, maili 50 (kilomita 80 hivi), za kuzunguka mitaa ileile ya mji.

Jina lilikuwa ujanja. Fred Kugler, mwenye duka la baiskeli, alipozianzisha 1940, sheria ya jimbo ilikataza kushindania zawadi kwenye barabara kuu. "Ziara", ndiyo maana ya "Tour", haikukatazwa! Mwanawe Furman alishinda 1940 na 1941, Carl Anderson akashinda 1942. Wote wawili walikufa katika Vita vya Pili vya Dunia. Mbio zilisimama, zikarejea 1947 zikiwa na majina yao.

Leo wamo pia wanaolipwa kwa kazi hii, na anayedhani njia tambarare ni rahisi hajakaa mkiani. Kundi hurefuka kila kona: wa mbele hupita karibu bila breki, wa nyuma hupunguza mwendo kisha hulazimika kukimbiza upya, na miguu huisha kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho. Kosa baya zaidi ni kukanyaga pedali baiskeli ikiwa imelala kwenye kona: pedali ya upande wa ndani wa kona hugonga lami, gurudumu la nyuma linaruka. Ya ndani iwe juu, uzito uegemee ya nje. Mvua ikinyesha, epuka mistari ya rangi na mifuniko ya chuma.

Wapenzi wa baiskeli