Kwa Nini Hema Kubwa Hatulifungi Asubuhi ya Shughuli

Kila ifikapo Septemba na Oktoba, shule za hapa Kigoma zinapoandaa mahafali ya kidato cha nne na kamati za harusi zikijaribu kuiwahi mvua, swali tunaloulizwa kuliko hata bei ni hili: kwa nini sisi tunaokodisha mahema makubwa tunataka kuingia uwanjani siku mbili kabla ya shughuli, ilhali mwenye maturubai ya kawaida hufika saa kumi na mbili asubuhi na ikigonga saa tatu wageni wameshakaa? Swali ni la haki, kwa sababu uwanja unaokodishwa kwa siku una gharama yake, na mweka hazina wa kamati ndiye anayebanwa. Tumeona tulijibu kwa maandishi ili kamati inapokaa kupanga bajeti iwe na maelezo yetu mezani.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwetu kila kinachowafunika wageni huitwa turubai, liwe lile la mabomba manne na kamba, liwe hema la fremu lenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 20. Turubai dogo likizidiwa na upepo, vijana wanne hulishika miguu na kulilaza chini, mambo yakaisha. Hema la mita 10 kwa 20 lina fremu tano zinazosimama kila baada ya mita 5, miguu kumi, na paa la kitambaa kizito chenye zaidi ya mita za mraba 200. Halina nguzo katikati, na hiyo ndiyo raha yake, maana maharusi huonekana kutoka kila kiti. Ila likishaanza kuondoka, hakuna idadi ya vijana inayoweza kulishika, na tunaomba mtu yeyote asijaribu.

Wateja wengi hudhani hatari ya hema ni kuanguka. Sisi tunachohofia zaidi ni kupaa. Upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia ndani kupitia upande ulio wazi hulisukuma kwenda huko huko. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, yaani ule unaoyumbisha miti midogo, husukuma ukuta kwa nguvu ya takriban kilo 6 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 72 kwa saa, nguvu hiyo haiwi mara mbili bali mara nne, karibu kilo 25. Ukuta wa ubavuni wa hema tulilolitaja, wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 3, utakuwa unabeba msukumo wa karibu tani moja na nusu, na hapo hatujahesabu paa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yetu ni kulizuia hema lisiondoke, na kazi hiyo hufanyika chini, mahali ambapo picha za harusi hazifiki.

Tabia ya upepo wa hapa nayo ina nafasi yake. Wakati wa kiangazi hasa, kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika, na mchana kukiwa na jua hewa hutoka ziwani kuja nchi kavu, hivyo uwanja uliokuwa umetulia saa moja asubuhi huwa na sura nyingine saa nane. Hata hivyo, tunaouogopa zaidi ni ule wa mvua za kwanza. Wingu hujikusanya, joto linabana, miti inanyamaza, kisha ghafla unakuja ubaridi na upepo mkali dakika chache kabla ya tone la kwanza. Hema lililofungwa asubuhi ileile, ambalo bolti zake hazijapata nafasi ya kukaa na kitambaa chake hakijakazwa upya, hukutana na upepo huo likiwa bado halijawa tayari.

Siku ya kwanza, basi, ni ya ardhi. Mchanga wa ufukweni, kwa mfano upande wa Ujiji na Kibirizi, haushiki kigingi kama unavyoshika udongo mwekundu wa mlimani, na udongo huo mwekundu nao, ambao wakati wa kiangazi hugongwa kama saruji, ukinyeshewa usiku kucha huachia. Ndiyo maana tunapigilia kwanza kigingi kimoja cha majaribio, chuma cha mita moja, na kukivuta tuone kinavyojibu, kabla ya kuamua vingine vingapi vinahitajika kwa kila mguu. Kila kigingi chetu kina mstari mwekundu wa rangi mahali kinapokutana na ardhi kikishapigiliwa mpaka mwisho. Mstari huo ni kitu kidogo sana, lakini fundi anayepita na tochi alfajiri, akiuona umepanda vidole viwili juu ya udongo, anajua kigingi kile kimeanza kung'oka, jambo ambalo asingelibaini kwa kutazama kamba peke yake, kwa kuwa kamba huweza kuonekana imekaza huku kigingi kikisogea nayo taratibu.

Tunamwomba pia mwenye eneo atuonyeshe mabomba ya maji na shimo la maji taka viko wapi. Chuma cha mita moja hakiulizi kinachopita chini yake. Mguu wa hema nao hautakiwi kukaa juu ya mfuniko wa shimo, hata kama mpangilio wa meza ungependeza zaidi hivyo.

Penye sakafu ya saruji au vigae, ambapo vigingi haviwezekani, tunatumia uzito, na hapa tuna kisa chetu wenyewe cha kukiri. Miaka ya mwanzo tulifunga hema katika ua wa nyumba moja pale Mwanga, tukaweka pipa la lita 200 lililojaa maji kwenye kila mguu, yaani kilo 200 kila mguu, tukaondoka tumeridhika. Tuliporudi saa tisa alasiri tulikuta mapipa matatu yako nusu. Akina mama wa jikoni, ambao bomba lao lilikuwa limekatika maji tangu asubuhi, walikuwa wameona mapipa ya maji safi yamesimama bila mwenyewe, wakachota ya kuoshea sufuria na sahani. Nani angewalaumu? Hakuna aliyewaambia kwamba maji yale ndiyo yaliyokuwa yamelikalia hema. Siku hiyo upepo ulikuwa na huruma. Tangu hapo mapipa yetu tunayajaza mchanga, ambao kwa ujazo uleule una uzito unaozidi wa maji kwa zaidi ya nusu, na tunayafunga mfuniko kwa bolti.

Kisa hicho kilitufundisha na jambo jingine tulilokuwa tukilipuuza. Pipa lililosimama juu ya vigae huteleza kabla halijanyanyuka, kwa hiyo kilo 200 za uzito hazimaanishi kilo 200 za kuzuia msukumo wa pembeni. Ndiyo maana kwenye sakafu laini tunaweka mpira chini ya kila pipa, tunaongeza idadi ya mapipa kuliko mteja anavyotarajia, na tunalifunga pipa kwenye kitako cha mguu kwa mkanda wa kukazia, si kwa kamba ya katani iliyozungushwa katikati ya nguzo. Mteja akiona kwenye ankara yetu mstari wa uzito na usafirishaji wake, analipia hayo. Ni sehemu inayokatwa kwa urahisi kuliko zote pale bajeti inapobana, na ni sehemu ambayo sisi hatuikati. Tuko tayari kupunguza mapambo, taa za rangi, hata upana wa hema lenyewe.

Kusimamisha fremu ndiyo saa ya hatari kwa mafundi. Fremu ya kwanza ikishainuliwa haina rafiki. Inashikiliwa kwa kamba pande zote mbili mpaka ya pili isimame na kuunganishwa nayo kwa mihimili ya juu na nyaya za mkingamo zinazokatiza kama herufi X. Nyaya hizo hazifungwi mwishoni pamoja na mapambo, kama tulivyowahi kuona kwingine, bali kabla fremu ya tatu haijanyanyuka. Kitambaa cha paa tunakivuta asubuhi mapema, hewa ikiwa imelala, kwa sababu paa lililoingia nusu kwenye mifereji ya fremu inayoshika kingo zake ni tanga, na mabaharia wa ziwa hili wanajua tanga lisilo na mwenye kulishika hufanya nini. Upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa kwenye kipima upepo chetu, tunasimama na kusubiri. Katika saa hizo tunaomba watoto wasiwe uwanjani, na mpambaji asianze kutundika vitambaa vyake chini ya fremu ambayo haijakamilika, hata akisema amechelewa.

Hema halifungwi chini ya nyaya za umeme wala karibu nazo. Nguzo ya fremu ni bomba refu la chuma au alumini linaloinuliwa na watu, na kosa moja linatosha. Uwanja ukiwa na laini ya umeme juu yake, tutakushauri kuhusu uwanja mwingine.

Kuta za pembeni huleta ubishi kila mara, hasa kwa shughuli za ufukweni. Mteja anataka upande wa ziwa ubaki wazi ili machweo yaonekane nyuma ya maharusi, na upande wa nyuma ufungwe ili jikoni pasionekane. Mpangilio huo ndio mbaya kuliko yote: upepo wa ziwani unaingia, unakosa pa kutokea, unalijaza hema kama puto na kulinyanyua. Ni heri pande zote mbili ziwe wazi upepo upite, au zote zifungwe kabisa. Tukikuambia jikoni pafichwe kwa uzio wa makuti uliosimama mbali na hema, si kwamba hatujui urembo.

Mvua bila upepo nayo ina uzito wake. Paa likilegea kidogo, maji hujikusanya, na bwawa la mita 2 kwa 2 lenye wastani wa kina cha sentimita 10 ni kilo 400 juu ya vichwa vya wageni. Fundi wetu hukaza kitambaa upya asubuhi inayofuata baada ya kukivuta, kikiwa kimepata usiku mmoja wa kutulia. Majiko ya mkaa, mitungi ya gesi na jenereta hubaki nje, na milango haizibwi kwa meza za vinywaji.

Siku ya shughuli fundi wetu mmoja hubaki nanyi mpaka mwisho, akiwa na spana, nyundo na kipima upepo. Katika mkataba tumeandika kwamba upepo ukifika kilomita 50 kwa saa, yeye ndiye anayemwambia mshereheshaji awatoe wageni kwenda kwenye jengo la kudumu, na mshereheshaji anatangaza bila kumtafuta kwanza mwenyekiti wa kamati. Kwa hiyo tunaomba jengo hilo lichaguliwe mapema, liwe darasa, kanisa au nyumba ya jirani, na funguo zake ziwepo.

Tukiwa tunaandaa makadirio tutakuuliza uwanja uko wapi, chini ni mchanga, udongo au saruji, wageni ni wangapi, na lori linaweza kuusogelea uwanja kwa ukaribu gani. Na shughuli ikiisha saa sita usiku, tafadhali tuachie hema lisimame mpaka kuche. Kulifungua gizani, watu wamechoka na wengine wamekunywa, hatukubali hata kwa malipo ya ziada.