Mwanangu, chombo cha kuvulia kichague kwa maji yako

Mwanangu Omari,

Assalamu alaikum. Huku Gazi hatujambo, mamako na wadogo zako wanakusalimu. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia kwamba huko Kilifi, ukishatoka kusomesha, unataka kushika tena mshipi wa kuvulia. Umeniuliza ununue hori, yaani mtumbwi wetu wa kuchonga, boti ya kujazwa upepo au kayaki ya plastiki, na pesa ulizokusanya si nyingi.

Najua ulitarajia niseme hori. Naipenda hori, na wewe umelelewa kwa samaki wake. Lakini hori ya mwembe ni chombo cha mtu anayekaa karibu na maji. Kuishusha na kuipandisha kwataka watu wawili au watatu. Ikikaa juani siku nyingi bila kivuli cha makuti, mti hupasuka. Ikiachwa majini, wadudu huutoboa. Wewe umepanga chumba ghorofa ya pili, na huko pwani huna mtu wa kukuangalizia chombo. Iache.

Boti ya upepo nakukataza kwa sababu ya hayo maji ya Kilifi, mkono wa bahari ulioingia bara. Ungekuwa unavua kwenye bwawa lililotulia, ningekwambia kanunue, maana inakunjwa ikaingia kwenye begi na bei yake ni nafuu. Lakini hapo mizizi ya mikoko imejaa chaza, na ganda la chaza hukata mpira kama wembe. Tena boti hiyo ni nyepesi, imekaa yote juu ya maji, upepo unaichezea utakavyo. Wakati wa bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa 6 hivi, na yote hayo yanapita kwenye mlango ule ule mwembamba kuelekea baharini. Kusi likivuma kutoka nje huku maji yakitoka ndani, mawimbi husimama pale mlangoni. Sitaki mwanangu awe hapo juu ya mpira uliojaa hewa.

Tafuta kayaki iliyotumika, ile ambayo mtu huketi juu yake, si ile ya kuingiza miguu ndani. Ulizia kwenye mahoteli na kwa watu wa michezo ya majini, Kilifi hapo hapo, Watamu, hata Diani. Wao hubadilisha vyombo, na vya zamani huviuza. Ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 3 hivi huwa na uzito wa kilo 20 hadi 27. Utaibeba mwenyewe begani au kuivuta kwa kigari cha magurudumu mawili, na usiku utaisimamisha barazani. Ikipinduka, huna maji ya kukumba kwa kata: unaigeuza, unapanda, na yaliyobaki juu yanatoka kwa yale matundu yaliyotobolewa kutoka juu hadi chini. Tafuta iliyo pana kuliko iliyo ndefu na nyembamba. Nyembamba inakwenda mbio, lakini wewe unataka kukaa kitako ukavute changu na tewa, hushindani na mtu.

Kabla ya kulipa ichunguze vizuri, usione haya. Itie maji ndani kupitia kifuniko chake, uiinue, uangalie panapovuja. Pitisha kidole pembeni mwa yale matundu na chini tumboni, ndipo nyufa huanzia. Ufa wa plastiki ile hauzibiki kwa gundi ya dukani, hautashika. Wataka kuyeyushwa kwa plastiki ya aina ile ile, na fundi anayeujua si rahisi kumpata. Ikiwa rangi imepauka na plastiki imekuwa kavu, jua limeshaila, iache hata ikiuzwa bei ya bure. Tazama pia uzito ulioandikwa kwamba inaweza kubeba, kisha hesabu thuluthi mbili zake tu. Mwili wako, maji ya kunywa, nanga, kasha la barafu na samaki, vyote viingie humo. Halafu ingia nayo majini, uipindue makusudi penye kina kifupi, upande tena. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na pesa zako.

Toa robo ya pesa zako kando kabla ya kwenda kuitazama. Hizo ni za jaketi okozi linalokukaa mwilini, kafi imara la pande mbili, filimbi, kisu na kamba ya nanga. Ni heri ununue kayaki kuukuu zaidi kuliko kupunguza hapo. Na uende kwa watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, uwaulize habari za leseni na mahali wanapokuruhusu kuvua. Uwaamkie wazee wa pale. Hao ndio watakaokutafuta ukichelewa.

Nanga usiifunge ubavuni hata siku moja. Mkondo ukivuta kamba iliyofungwa kati, chombo hulala upande na kupinduka. Ifunge omo (mbele) au tezi (nyuma), na kisu kiwe mahali mkono unapofika bila kutazama.

Mara ya kwanza nenda siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, asubuhi kabla upepo haujaamka, na anza maji yanapojaa, ili yakikushinda yakupeleke ndani kwenye mikoko, si nje baharini. Kaa upande wa ndani wa daraja, karibu na ukingo. Chambo chukua kamba wa baharini au vipande vya ngisi, chubwi, ile risasi ya mshipi, liwe zito kidogo kwa ajili ya mkondo.

Ukishaiona kayaki yenyewe, nipigie simu kabla hujalipa.

Babako