Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Klabu ya Magari ya Kale

Ndugu wanachama,

Mweka hazina atawasomea hesabu baada yangu, na orodha ya safari na maonyesho ya mwaka tayari mnayo mikononi. Sitarudia yaliyomo. Muda mlionipa nautumia kwa kazi moja iliyokula jioni nyingi za kamati yenu: kukusanya historia ya klabu hii kabla haijatutoka.

Kazi hiyo ilianzia kwenye bampa. Mwanachama wetu kijana alipata Morris Minor, gari dogo la Kiingereza, ya toleo la kwanza kabisa, lile ambalo taa za mbele zimekaa chini, ndani ya grili. Alipoanza kulisafisha akakuta bampa imekatwa katikati na kuungwa kwa kipande cha bati. Akaamini gari liligongwa zamani na fundi akalipua kazi. Alikwisha kupata bampa nyingine, nzima, na alikuwa na spana mkononi siku mmoja wa waasisi wetu alipopita kumsalimia. Mzee akamwambia aache mara moja. Bampa ile ilikatwa kiwandani. Alec Issigonis, mbunifu wa gari hilo, aliona mwishoni kabisa mwa kazi kwamba umbo lake ni jembamba mno. Akaagiza gari la mfano lipasuliwe katikati kwa urefu, vipande viwili visogezwe mbalimbali mpaka jicho liridhike. Jicho liliridhika kwenye inchi 4, kama sentimita 10. Bampa zilikuwa zimeshatengenezwa, na kuzitupa kungekuwa hasara, kwa hiyo magari ya kwanza ya 1948 yakatoka na bampa zilizokatwa na kuongezewa kipande. Ule ukanda bapa unaopita katikati ya boneti ni kumbukumbu ya upasuaji huohuo.

Mzee angepita siku ya pili yake, ushahidi ule ungekuwa kwenye vyuma chakavu, na gari lingeonekana zuri zaidi machoni pa watu wote. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Katika kikao kilichofuata niliuliza swali moja tu: ni mangapi mengine yamehifadhiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja?

Tulianza na karatasi. Makatibu waliotangulia walitufungulia makabati yao, na nawashukuru kwa dhati, kwa sababu si rahisi kumkabidhi mtu mwingine maboksi uliyoyatunza nusu ya maisha yako. Tulipata madaftari ya mihutasari, barua, vitabu vya mafundi vilivyojaa alama za vidole vya grisi, na picha nyingi zisizo na jina wala mwaka nyuma. Picha hizo zilitupa taabu kuliko yote. Tulizipeleka kwa wazee mmoja mmoja, tukawasha simu kurekodi sauti, tukawaacha waseme. Mara nyingi hawakumtambua mtu, lakini walilitambua gari, na kupitia gari wakamkumbuka mwenyewe.

Kutokana na mazungumzo hayo najua sasa jambo ambalo nilikuwa nalisema vibaya kwa miaka yote. Nilizoea kuwaeleza wageni kwamba klabu ilianzishwa kwa ajili ya maonyesho. Sivyo. Ilianzishwa kwa sababu ya vipuri. Mmoja alikuwa na gia boksi nzima na injini iliyokufa, mwenzake alikuwa na injini nzima na gia boksi iliyokufa, na wote wawili walikuwa wakiandika barua kwa viwanda vilivyokwisha kuacha kuvitengeneza. Muhtasari wa kwanza tulionao hauna neno hata moja kuhusu maonyesho. Una orodha ya nani ana nini na nani anatafuta nini. Maonyesho yalikuja baadaye, watu walipoanza kusimama barabarani kutazama.

Katika kukusanyika kwa ajili ya magari ya zamani hatuko peke yetu. Tarehe 14 Novemba 1896 madereva wa Uingereza waliendesha magari yao kutoka London hadi Brighton kusherehekea sheria mpya iliyoondoa sharti la mtu kutembea kwa miguu mbele ya gari, na kupandisha mwendo hadi maili 14 kwa saa. Mwaka 1927 safari hiyo ilirudiwa kwa magari ya enzi ileile. Fikirini jambo hili: magari hayo yalikuwa na umri wa takriban miaka 30 tu, na kwa watu wengi wa wakati ule yalikuwa takataka za banda la nyuma. Mwaka 1930 baadhi ya washiriki wa safari hiyo waliunda Veteran Car Club of Great Britain. Mwaka 1934 ikafuata Vintage Sports-Car Club, na mwaka 1935 Antique Automobile Club of America. Shirikisho la kimataifa la vyama kama chetu, FIVA, lilizaliwa mwaka 1966.

Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba ugomvi mkubwa kuliko yote katika klabu hii haukuwa wa pesa. Ulikuwa wa umri wa gari. Waasisi waliweka mwaka maalumu wa ukomo, na gari lililotengenezwa baada ya hapo halikupokelewa hata lingekuwa adimu namna gani. Wakati Volkswagen Golf ya kwanza, iliyotoka 1974, ilipoletwa getini, wapo waliotishia kujiondoa. Nimesoma hoja za pande zote mbili mara kadhaa na siwezi kuwacheka waliokataa. Waliogopa kwamba klabu itageuka kuwa maegesho ya magari yaliyochoka. Lakini wakati umeamua kwa upande wa waliokubali. Kanuni tunayoifuata leo ni ile ya FIVA: gari liwe na miaka isiyopungua 30, litunzwe katika hali iliyo sahihi kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Bila kanuni hiyo inayosogea na kalenda, yule kijana wa bampa asingekuwa nasi, maana alijiunga kwanza na Golf ya baba yake.

Naomba niseme pia juu ya petroli, kwa sababu mihutasari ya kipindi fulani haina habari nyingine. Tangu Thomas Midgley na wenzake walipogundua mwaka 1921 kwamba madini ya risasi yakitiwa kwenye petroli huzuia injini kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, magari yetu mengi yalitengenezwa yakitegemea petroli hiyo. Risasi ililinda pia viti vya valvu vya chuma laini. Ilikuwa sumu kwa watoto na kwa hewa, na nafurahi kwamba mwaka 2021 Algeria ilipoacha kuiuza, ilitoweka kwenye vituo vya mafuta duniani kote. Lakini ilipoondoka, wanachama wengi waliamini ndio mwisho wa injini zao. Haikuwa hivyo. Mafundi wetu walikaa pamoja, wakafungua vichwa vya silinda, wakaweka viti vya chuma kigumu, wakaandika hatua kwa hatua. Maandishi hayo tumeyapata, ni kurasa chache tu, na kwangu ndizo nyaraka bora kuliko zote tulizonazo. Leo adui ni ethanoli iliyochanganywa kwenye petroli, inayolainisha mipira ya zamani ya kupitishia mafuta hadi inapasuka. Kagueni mipira yenu. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mpira huoza hata ukiwa kwenye pakiti. Na tairi ni vivyo hivyo, hata likiwa na maua kama jipya: someni tarakimu 4 za mwisho wa namba yake ya DOT, ile iliyochapwa ubavuni, 2 za wiki na 2 za mwaka wa kutengenezwa.

Hapa sina budi kueleza kosa langu. Gari langu la kwanza nilinunua likiwa na rangi yake ya kiwandani, imefifia, na viti vyenye ngozi iliyopasuka. Nikakwangua yote. Nikapuliza rangi mpya, nikashona viti vipya, nikapewa tuzo na klabu hii. Miaka mingi baadaye mtu alikuja na gari kama hilo akiniuliza rangi ya asili chini ya boneti ilikuwa ya kung'aa au ya kufifia, na mshono wa viti ulikuwa wa nyuzi gani. Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nayo yote mkononi, nikaifuta, wala sikupiga picha. Hati ya Turin, ambayo FIVA iliipitisha mwaka 2012, inataka kinachoweza kutunzwa kitunzwe kabla ya kufikiria kukibadilisha, na kazi inayofanywa iandikwe. Natamani ningeyasikia hayo nikiwa kijana.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo moja kwenu. Kila gari la mwanachama liwe na jalada lake katika kumbukumbu za klabu: namba za chesisi na injini, picha kabla na baada ya kila kazi kubwa, jina la fundi, kilichobadilishwa na kilichobaki cha asili. Jalada lifuate gari, hata likiuzwa nje ya klabu. Sehemu iliyotolewa ifungwe na kuandikwa, isitupwe. Najua ni usumbufu. Lakini magari ya mwanzo wa miaka ya 1990 yameshaanza kuingia, yenye kompyuta za injini ambazo kapasita zake, vile vijenzi vidogo vya kuhifadhi umeme, huvuja na kula bodi za saketi taratibu. Hayo hayatatengenezeka kwa kupapasa. Asiyeandika leo namna alivyoitengeneza moja, mwenzake atalitupa gari zima.

Mwaka huu tumewazika wenzetu, na mmoja wao ni mzee wa bampa. Tulikuwa tumemrekodi mara mbili. Tulipanga ya tatu, juu ya kabureta, na haikufanyika. Familia yake imetuachia daftari lake na spana zake, na kijana mwenye Minor ameomba kuwa mtunzaji wa daftari hilo. Kamati imekubali.

Fomu za majalada ziko mezani kwa katibu. Ya kwanza nimeshaijaza, ni ya gari langu, na mahali pa rangi ya asili nimeacha wazi.

Mwenyekiti