Barua kwa mwanangu: Krismasi uje tu, hata kama chati bado nyekundu

Mwanangu, hujambo baba. Huku wote wazima, baba yako mguu umepungua kuvimba na ng'ombe kazaa jike. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu ukisikia tu sauti yangu unasema "poa mama" halafu unakata, na voisi noti siwezi kurekodi hapa sokoni, umbea wa Memorial unaujua, kabla sijamaliza kuongea wanne wameshajua mwanangu kaunguza hela kwenye sarafu za mtandaoni. Kwa hiyo naandika na kidole kimoja, mteja akija naacha, akiondoka naendelea, ukiona inaruka ruka ndo hivyo.

Dada yako kaniambia umesema Krismasi huji. Eti huwezi kuja mikono mitupu. Kaniambia na mengine, kwamba saa nane za usiku uko macho simu iko ndani ya chandarua, mwanga usoni, unaangalia ile mishumaa yenu ya kwenye chati za bei, mara kijani ikipanda mara nyekundu ikishuka, asubuhi unaenda Kariakoo kufungua simu za watu mikono inatetemeka. Usimkasirikie, nilimbana mimi.

Sasa kwanza ujue kwamba naelewa kilichotokea, usidhani mama wa mitumba hajui kitu. We mwenyewe ndo ulinifundisha ile 2022 ulivyokaa hapa wiki mbili, nikaandika nyuma ya daftari la madeni, bado ninalo. Ni kwamba Ijumaa ile ya tarehe 10 mwezi wa kumi mwaka huu wa 2025 Trump kaandika China anaiongezea ushuru wa asilimia 100, huku kwetu ilikuwa karibu saa sita usiku watu tumelala, bei za sarafu zikaporomoka, na ndani ya siku moja watu chungu nzima waliokuwa wanacheza na hela ya kukopa humo humo kwenye apu, ile ya kuweka laki unacheza kama una milioni, wakafungiwa hesabu zao kwa lazima, dola bilioni 19 na ushee. Na siku nne tu nyuma Bitcoin, ile sarafu yenu kubwa, ilikuwa imegusa dola 126,000, kila mtu anajiona tajiri. Humo ndani ya hizo bilioni 19 kuna shilingi milioni mbili na laki tatu zako. Nimesikia. Zimeenda, hazirudi, na sitaki uzitafute. Hiyo siyo hela ya kusubiria, hiyo ni ya kulia siku moja ukafuta uso.

Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri, maana naona umechanganya vitu vitatu kwenye kapu moja halafu unaviombea vyote subira. Kuna hizo zilizoungua. Kuna vile visarafu vya mzaha vya mbwa na vyura ulivyonunua kwa sababu mtu fulani kwenye grupu alisema bei yake inaenda mwezini. Na kuna ile Bitcoin kidogo uliyoiweka kwenye walleti yako mwenyewe, ile pochi ya kwenye simu, yenye yale maneno 12 ya kuifungulia uliyoyaandika kwenye karatasi. Subira ya vyote hivi haiwezi kuwa moja.

Nikuambie kwa lugha ya kazi yangu. Mwaka juzi nilichukua belo la makoti mwezi wa kwanza, we unajua Moshi mwezi wa kwanza jua linavyowaka. Nimekata zile kamba za plastiki, belo likajifungua puu, ile harufu ya dawa ikatoka, wakina mama wamejazana wanavuta, wakaona ni makoti mazito ya baridi wakanicheka wakaondoka. Nilivyopiga hesabu, kama ningeuza siku ile nisingepata hata nusu ya hela niliyonunulia. Nikayafunga kwenye viroba nikayapandisha juu darini. Mwezi wa sita baridi imeshuka, mwezi wa saba ndo usiseme, yakaisha kwa wiki tatu. Hiyo ni subira, na haikuwa ngumu kwa sababu mwezi wa saba unakuja kila mwaka, nani hajui. Sasa kuna belo lingine niliwahi kufungua nikakuta karibu nusu yake ni nguo za kuogelea za wanawake. Moshi hii! Nani wa kuogelea, Karanga? Zile nilikaa nazo miaka miwili na subira yangu yote, mwisho tukazifanya matambara ya kufutia. Nilichopoteza zaidi siyo hela ya belo, ni nafasi juu ya dari kwa miaka miwili.

Vile visarafu vya vyura ni nguo za kuogelea baba. Unamkumbuka mwenzako uliyesoma naye aliyekuwa na ile sarafu ya Luna? Mwezi wa tano 2022 mwanzoni ilikuwa kama dola 80, wiki mbili hazijaisha haifiki hata senti. Akasema atasubiri. Bado anasubiri. Sarafu ikishakufa hamna chati ya kuifufua.

Bitcoin ni habari nyingine, na hapa nasoma daftari langu. 2013 ilifika dola 1,100 na kitu, mwanzoni mwa 2015 iko chini ya 200. Mwisho wa 2017 karibu 20,000, mwaka mmoja baadaye 3,200. Mwezi wa kumi na moja 2021 ikawa 69,000, mwaka mmoja tena iko chini ya 16,000, na hiyo ndo ile FTX, soko la kuuzia na kutunzia sarafu, ilianguka, la yule kijana wa nywele timtim aliyekuja kufungwa miaka 25, watu walikuwa wameacha sarafu zao kwake kama mtu anavyoacha mzigo stoo ya jirani, jirani kauza. Mara zote hizo walisema imekufa, mara zote ikarudi na ikapita pale ilipokuwa. Mwaka huu wa 2025 tena imeshuka kutoka 126,000 mpaka mwezi uliopita, wa kumi na moja, karibu na 80,000. Ukilinganisha na zile za nyuma mbona huku kushuka bado ni kudogo? Sisemi kukutisha, nasema ujue kwamba inaweza kushuka tena sana kabla haijapanda, na inaweza isipande. Mi sijui. Na yule wa kwenye grupu naye hajui, ila yeye anajua kuongea.

Wale wa chati wanasema kila miaka minne lazima ipande, kwa sababu ya ile kupunguzwa nusu kwa sarafu mpya zinazotoka, ya mwisho ilikuwa mwezi wa nne 2024. Labda. Lakini mambo yaliyotokea mara tatu au nne siyo kalenda. Baridi ya Moshi imekuja kila mwaka tangu Mungu aumbe mlima, hiyo ndo kalenda.

Sasa angalia hesabu niliyoifanya pembeni mwa daftari, hii ndo iliyonifanya nikuandikie. Aliyenunua juu kabisa mwisho wa 2017, alikaa karibu miaka mitatu ndo akaiona tena bei yake. Wa 2021 alikaa miaka miwili na miezi minne. Miaka mitatu mwanangu! Mtoto anazaliwa, anatambaa, anaanza kukuomba hela ya pipi. Na mwenye nyumba wako hapo Sinza anataka kodi ya miezi sita mkononi. Watu wanapenda kusema subira yavuta heri, sawa, lakini subira nayo inakula, inapanda daladala, inalipa luku. Kwa hiyo usiniulize kama itapanda. Niambie kama unaweza kukaa miaka mitatu bila kuigusa hiyo hela. Kama unaweza, iache ilale, ifute hata hiyo apu ya bei. Kama hiyo hela ndo ya kodi ya mwezi wa pili, basi toa sasa hivi kiasi cha kodi, uza kwa hasara, na usione aibu.

Nakuambia usione aibu kwa sababu ya mtu uliyechukua jina lake. Kaka yako alichukua la babu wa huku kwa baba yenu, we ukachukua la baba yangu, ndo maana nikikuita baba sikutanii. Wote mnajua babu yako alikuwa na kahawa kihamba chote, na wote mmesikia wajomba zenu wanavyosema eti mzee alikosa subira, aling'oa. Hamjaambiwa vizuri. Kulikuwa na makubaliano ya dunia, nchi zinazolima na zinazonunua, kila inayolima na kiasi chake cha kuuza, mwaka 1989 yakavunjika, bei ikaanguka karibu nusu. Hatukujua sababu wakati ule, tuliona tu malipo yanakuja kidogo tena kwa kuchelewa. Mzee akasubiri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. 1992 mimi niko kidato cha pili, nimerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nakumbuka aliing'oa kahawa yake kwa kujificha jifichia, asubuhi sana bado kuna ukungu, maana enzi zile kung'oa kahawa ilikuwa ni kutafuta kesi. Alikuwa anakata shina moja anakaa juu yake, hasemi kitu, anakata lingine. Akapanda nyanya. Miezi mitatu tu nyanya zikaenda soko la Mbuyuni, mimi nikarudi shule. Hii barua unayosoma imeandikwa na zile nyanya.

Jirani yake yeye hakung'oa. Bei ikaja kuwa mbaya zaidi, 2001 ilikuwa chini ya nusu dola kwa ratili, babu yako akawa anamcheka. Mwanzoni mwa mwaka huu huu wa 2025 kahawa ilipita dola nne kwa ratili, watoto wa yule jirani wamepaua nyumba, na sasa wanaomcheka babu yako ni wao. Lakini waulize vizuri yule mzee wao alikuwa anakula nini miaka yote ile. Alikuwa na mdogo wake kazini Mombasa anamtumia hela kila mwezi! Basi. Hakumzidi babu yako subira hata kidogo, alichomzidi ni kuwa na huyo mdogo wake wa Mombasa.

Na tena kahawa hata bei ikifa utaichuma unywe. Hiyo yenu ukikosa mnunuzi unakunywa nini?

Nimeacha kidogo kulikuwa na mteja wa mashuka. Naendelea.

Kuna kitu sijawahi kukuambia. Zile siku za mwisho wa mwezi wa kumi mtandao ulivyozimwa, mimi sikulala. Napiga hupatikani, najaribu ujumbe haufiki, redio haisemi la maana, baba yako anajifanya amelala namsikia anageuka geuka. Sikuwaza sarafu wala nini, niliwaza kama mwanangu yuko hai. Halafu mtandao ukarudi, ukapiga, nikauliza umekula? Ukanijibu, mama chati imeshuka. Nilicheka halafu nikaenda chooni nikalia. Siku zote zile hukuiona chati na sisi hatukukuona wewe. Sa hivi mtandao upo lakini hatukuoni hivyo hivyo.

Deni la saccos nalijua, usishangae, mdhamini wako ni mtu wa hapa hapa mjini na ana mdomo. Niambie limebaki shilingi ngapi, la kweli siyo la kunifurahisha, tugawane kwa miezi. Ninachokukataza ni kukopa tena ili urudishe zile zilizoungua, hiyo nakukataza kama mama, siyo kama mshauri. Na ukiona mtu anakufuata inboksi kwamba ana njia ya kurudisha pesa zilizopotea, eti umpe ada kidogo tu, au umtajie yale maneno 12 aangalie walleti yako, huyo ni mwizi amekuja kwenye msiba kuiba sufuria. Benki Kuu ilishatoa tangazo tangu 2019 kwamba hizi siyo fedha halali kwetu, na ingawa sa hivi serikali imeanza kuzikata kodi, ukiibiwa sijui utamshitaki nani, polisi wa Msimbazi utaanza kumweleza nini.

Hiyo karatasi ya maneno ukija nayo tutaiweka kwenye kasha la bibi yako pamoja na hati ya shamba. Humo panya haingii. Ukikaa nayo Dar siku umekata tamaa saa nane usiku utauza zote, nakujua, ndivyo ulivyouza baiskeli.

Kwa hiyo panga safari. Mabasi ya kuja huku wiki ile ya sikukuu yanajaa na nauli wanapandisha watakavyo, kata tiketi mapema, ukikosa hela ya tiketi sema nikurushie usianze kunizungusha. Mbuzi yupo, baba yako ameshamchagua na anampa chumvi. Shangazi zako watauliza umeleta nini, waambie muulizeni mama. Na kama una chaja nzuri hapo dukani kwako niletee, hii yangu inachaji nikiishikilia tu na nikiachia inakata, hapa penyewe naandika imebaki asilimia 9