Barua kwa Bakari: kabla hujamsifu Mwingereza

Swahiba Bakari,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote natumai hawajambo. Jedwali lako la gesi joto za florini (za friji, viyoyozi na viwandani) zinazotoka Uingereza na Japani nimelipitia. Mstari wa Uingereza unaporomoka mwishoni mwa miaka ya 1990, wa Japani unateremka halafu unapanda tena, nawe umeandika pembeni kwamba Waingereza "wamejitahidi zaidi". Futa hayo kwanza. Itoe HFC-23 kwenye hesabu, kisha uangalie upya.

HFC-23 ni taka inayozaliwa kiwanda kinapotengeneza HCFC-22, ile R-22 ya mafundi friji. Zamani iliachwa itoke bombani. Kwa vipimo vya sasa kilo 1 yake ni sawa na kilo 12,400 za kaboni dayoksaidi, ndiyo maana bomba moja linaweza kuibeba grafu ya nchi nzima. Uingereza iliweka tanuru la kuichoma, na ukapata lile poromoko. Japani nayo iliidhibiti, ikakamilisha miaka ya 2000. Hapo hakuna jokofu hata moja lililoacha kuvuja! Kwa hiyo, kwa makundi ya ripoti ambazo nchi hupeleka Umoja wa Mataifa, kundi 2B9 (viwanda vya kemikali za florini) lipe safu yake, na kundi 2F (friji, viyoyozi, povu, dawa za kupuliza) safu nyingine.

Ukishatenganisha, utaona nchi mbili zenye maradhi tofauti. Japani karibu kila nyumba ina kiyoyozi, na R-22 ilipoondolewa ikaingia R-410A, ambayo ni nusu HFC-32 na nusu HFC-125. R-22 haihesabiwi kwenye jedwali hili kwa sababu iko chini ya Mkataba wa Montreal, ule wa kulinda ozoni, ila mrithi wake anahesabiwa. Sehemu ya kupanda kwa Japani ni gesi kubadilisha daftari tu. Sehemu nyingine ni uvujaji wa kweli: kwa zaidi ya miaka 10, gesi iliyokusanywa mashine za biashara zilipotupwa ilikuwa karibu asilimia 30, hadi sheria ikakazwa mwaka 2020. Uingereza viyoyozi vya nyumbani ni vichache; huko angalia friji za supamaketi zenye R-404A (mchanganyiko mwingine wa HFC), magari, na inhela za pumu, ambazo watu huzisahau.

Sasa hesabu yenyewe. Naona umechukua miaka ya nyuma kwenye ripoti ya zamani na miaka ya karibuni kwenye ripoti mpya. Hapo umejikwaa. Ripoti za 2015 hadi 2023 zilizidisha HFC-23 kwa 14,800. Tangu 2024 ni 12,400. Tani 100 zilezile zinashuka kutoka tani 1,480,000 hadi 1,240,000, pungufu ya asilimia 16 bila kuzuia hata gramu. SF6, gesi ya mitambo ya umeme, inaenda kinyume, 22,800 hadi 23,500. Chukua tani za kila gesi kwenye Jedwali 2(II) la ripoti, uzidishe mwenyewe kwa kipimo kimoja. Tena tumia ripoti ya mwaka mmoja kwa nchi zote mbili, maana kila ripoti mpya hukokotoa upya mfululizo wote kuanzia 1990.

Tani za 2F ni makadirio: gesi iliyomo ndani ya mashine, mara kiwango cha uvujaji. Waingereza huzihakiki kwa kupima hewa, kituo kikuu kikiwa Mace Head, Ireland, na HFC-134a, gesi ya viyoyozi vya magari, iliwahi kuonekana hewani chini ya ilivyoandikwa. Kwa hiyo tofauti ndogo baina ya nchi hizi usiijengee hoja.

Jambo la pembeni, ila linatuhusu sisi. Gari kuukuu likishapakiwa melini Japani, gesi ya kiyoyozi chake inatoka kwenye daftari lao. Ikivujia Mombasa au Dar, ni ya kwetu. Nusu kilo ya HFC-134a ni sawa na kilo 650 za kaboni dayoksaidi. Liandike chini ya grafu.

Nitumie jedwali jipya ukimaliza safu za 2F, nami nitaziangalia SF6 za mitambo ya umeme.

Nduguyo,
Hamisi