Mwanangu, Milango Ni Mingapi?

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Mama yako kanisomea ujumbe wako mara mbili, kwamba kwenye Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Zanzibar, safari hii huendi kama mtazamaji, umekabidhiwa kundi la vijana wa kujitolea, tena kundi la mlangoni. Hongera sana, mama. Ila umeeleza habari za bangili za kuingilia, fulana na redio za upepo, hukusema milango ni mingapi. Nijibu hilo kabla ya mengine.

Na habari yenyewe nilianza kuisikia kwa shangazi yako, jambo ambalo limeniuma. Mtu anayekwenda kuongoza wenzake baba yake asizipate habari zake barazani.

Ya hapa Tabora sikusimulii. Idd ile ya Oktoba 2008, disko la watoto, walisongamana wakafa karibu 20. Wewe unajua ulikuwa wapi siku ile na mimi najua nilikuwa wapi. Tangu hapo kila habari ya namna ile naifuatilia, na mama yako ananikataza, anasema najitafutia presha. Kampala, usiku wa kuamkia 2023, watu walisongamana wakati wa fataki, wakafa wasiopungua 9. Duisburg, Ujerumani, Julai 2010, walikufa 21 kwenye tamasha la muziki, na hiyo ni nchi yenye wahandisi na kamera kila kona. Wanaoingia na wanaotoka walipitishwa njia moja.

Ndiyo maana nauliza. Hapo Ngome Kongwe mnapofanyia tamasha, wanaoingia watapita wapi, na wanaotoka watapita wapi? Mlango wa akiba umefungwa kwa komeo au kwa kufuli? Kama ni kufuli, ufunguo anao nani, na saa tano za usiku atakuwa amesimama wapi? Usiniambie uko ofisini. Kabla hujavaa hiyo fulana, izunguke ngome yote mchana kwa miguu yako, na vijana wako wote nyuma yako, kila mmoja aguse mlango kwa mkono wake.

Stesheni nimeitumikia mpaka kustaafu, na hapa ndipo reli inapogawanyika, wa Kigoma huku, wa Mwanza kule. Treni ikichelewa watu wanajaa. Aliye mbele akibanwa hawezi kurudi, na aliye nyuma haoni kitu, anasukuma kwa kuhofia atakosa nafasi. Askari nao wote husimama mbele, wakiwafokea watu ambao hata wakitaka kutii hawawezi. Mimi nilikuwa nachukua tochi naenda nyuma kabisa, kwa kinamama wenye madumu ya asali na watoto mgongoni. Nawaambia mabehewa bado yana nafasi, tiketi yako ina namba, mama kaa chini kwanza. Wakikaa kumi tu, wa mbele wanapata pumzi. Kwa hiyo yule kijana wako mwenye maneno mazuri usimweke getini, mpeleke mwisho wa foleni. Wenye ubavu wabaki mbele, na hao uwachunge, maana kijana akivalishwa sare kwa mara ya kwanza huanza kufokea watu wazima.

Umesema kule kila anayepanda jukwaani hupiga muziki wa moja kwa moja, hakuna kuimba juu ya sidii. Ni jambo la heshima. Lakini basi bendi moja ikishuka, vyombo vinabadilishwa, mafundi mitambo wanapima sauti upya, na watu wanasimama. Huyu anatoka kwenda Forodhani kutafuta urojo, yule ndiyo kwanza anafika. Wanakutana mlangoni kwako. Mfuate msimamizi wa jukwaa akupe saa za mabadiliko hayo, uziandike kwenye daftari. Simu yako naijua, jioni huwa imezima, nami hubaki kupiga bila majibu.

Na ukiona pamezidi, unaruhusiwa kufunga geti? Unaruhusiwa kuomba muziki usimame? Uliza sasa, wakubwa wakujibu mbele ya vijana wako. Houston, Marekani, Novemba 2021, onyesho la muziki liliendelea zaidi ya nusu saa baada ya dharura kutangazwa, na waliokufa walifika 10. Wewe humu ndani hukuzoeshwa kumkatiza mkubwa, na si wewe uliyeyaweka masharti hayo. Kule katiza. Akikasirika mtu mwenye cheo, mwambie baba yangu ndiye kanituma.

Usidharau kazi za ofisini pia. Tamasha hilo limeanza 2004, na mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha, wala si kwamba waimbaji walikosekana. Nilitaka usome uhasibu, ukakataa, yamekwisha. Lakini siku ya kukunja maturubai sogea karibu na watu wa mahesabu, uone jenereta limelipwaje na nani bado anadai.

Shangazi yako anawatangazia majirani kwamba unaimba Zanzibar. Nimemkatiza, nikamwambia haimbi, anaongoza watu. Walionyamaza walikuwa wengi, nami nilifurahi.

Mama yako anauliza kama jukwaa ni lile alilokuwa akipanda Bi Kidude, mjibu mwenyewe. Goti lake limepunguza kuuma. Mdogo wako ameingia kidato cha nne na viatu vimeshaachama. Paa la jiko linavuja kwenye kona ya unga, fundi kachukua hela ya bati na hapokei simu, na mvua za mwaka huu hazichezi. Ukibakiwa na chochote usikitume kwenye paa, nunua viatu hukohuko Dar, namba arobaini na moja, vyeusi vya kamba.

Nauli ya boti nimekutumia pamoja na ya kutolea. Kwenye basi nimekupakilia kanga mbili za mama yako, kwani Mji Mkongwe ukitoka kazini utajistiri, na dumu la asali la lita tano kwa ajili ya wenyeji wako. Basi likifika Mbezi mfuate kondakta wewe, usingoje akupigie. Kifuniko kimefungwa kwa nailoni. Usikifungue mpaka ufike Unguja.

Baba yako