Barua kwa Rafiki Mwenye Droo Mbili za Tochi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa nyuma ya utani wako nimeona wasiwasi wa kweli: tochi zimejaa droo mbili, betri zimetapakaa kila mahali, na kila ukianza kujumlisha ulichotumia unaacha katikati kwa kuiogopa jumla yenyewe. Umeniuliza kama uuache uraibu huu kabisa. Sioni haja ya kuuacha, ila naona haja ya kuuwekea mpaka, na mpaka ninaoufikiria hauanzii kwenye pesa.

Kitu bora kuliko vyote katika barua yako ni swali la shemeji, ambalo wewe umelichukulia kuwa kejeli. Alikukuta umepanga tochi tano mezani akauliza zina tofauti gani. Hilo ndilo swali ambalo kila mkusanyaji angepaswa kuulizwa kabla hajalipa, kwa sababu baada ya tochi ya kwanza iliyo nzuri, mwanga tunao tayari, na kila tunachokinunua baadaye ni tofauti tu. Tofauti nyingine huonekana kwa macho. Nyingine huishia kwenye maandishi ya kisanduku.

Chukua lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye tochi, tarakimu ambayo wauzaji huiandika kwa herufi kubwa kuliko jina la tochi. Ukiuzidisha mwanga mara mbili, jicho halioni mara mbili. Huona umeongezeka kiasi tu. Kwa hiyo, tochi yako ya lumeni 1,200 na ile ya lumeni 1,500 inayokunyima usingizi, mtu akikuwashia kwa zamu ukutani bila kukuambia ipi ni ipi, utababaika. Kuna na suala la joto. Tochi inayoenea kiganjani na kutangaza lumeni 4,000 hukitoa kiwango hicho kwa dakika moja au mbili hivi, kisha saketi yake huhisi joto na kuushusha mwanga hadi pale ambapo umbo dogo kama lile linaweza kustahimili, mara nyingi chini ya lumeni 1,000. Hata muda wa kuwaka una hila yake: kwa kipimo cha ANSI FL1, yaani utaratibu wa Kimarekani wa kupima tochi, ambacho kampuni nyingi hukifuata, muda huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo, hivyo tochi yaweza kuandikiwa saa tatu ilhali lumeni zake za kujivunia zimekwisha kabla hujamaliza kufunga mlango na kutoka nje.

Umbali nao una hesabu yake. Kipimo hichohicho huupima umbali hadi pale ambapo mwanga unaofika ni luksi 0.25, yaani takriban mbalamwezi ya mwezi mpevu, na idadi ya mita ni kipeuo cha pili cha kandela (kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja) kikizidishwa kwa mbili. Tochi ya kandela 10,000 hufika mita 200. Ukitaka mita 400 unahitaji kandela 40,000, wala 20,000 hazitoshi. Toleo jipya likitangaza kandela zilizoongezeka kwa robo, umbali wake umeongezeka kwa takriban asilimia 12, na huko mwisho wa hizo mita za ziada unalolipia ni mbalamwezi.

Tofauti ambayo jicho huikamata papo hapo ni ya rangi, na hapa sitakuzuia kutumia pesa kwa kiasi. Kipimo cha CRI huonyesha jinsi mwanga unavyodhihirisha rangi za vitu, na kilele chake ni 100. LED nyingi za mwanga mweupe wa baridi huwa karibu na 70, ilhali zile zinazosifiwa na wakusanyaji, kama Nichia 519A, hupita 90. Zima taa za chumbani, umulike kiganja chako kwa ile tochi yako ya zamani ya kelvini 6,500 (kelvini hupima rangi ya mwanga: zikiwa nyingi huelekea ubuluu, zikiwa chache huelekea umanjano), kisha kwa tochi ya CRI ya juu ya kelvini 4,000. Ya kwanza itakipausha kiganja, mistari yake iwe ya kijivu kama ya mtu aliyeugua muda mrefu. Ya pili itaurudisha wekundu wa damu kwenye ncha za vidole na kandokando ya kucha. Kisha mulika karatasi nyeupe kwa zote mbili, utazame ukingo wa duara la mwanga, na kama mojawapo ina ukijani utauona bila kuambiwa. (Nichia, kama hukujua, ndiyo kampuni aliyokuwa akifanyia kazi Shuji Nakamura alipotengeneza LED ya buluu yenye mwanga mkali, na mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa LED ya buluu, ambayo ndiyo msingi wa LED nyeupe tunazozikusanya. Ukihitaji kisingizio cha heshima mbele ya shemeji, hicho kipo.) Lakini ukishakuwa na tochi moja yenye LED hiyo, ya pili yenye LED ileile katika gamba la rangi nyingine haikuonyeshi kitu kipya kwenye karatasi wala kwenye kiganja.

Sasa nije kwenye mpaka. Umeandika kwamba umeshajaribu kujiwekea bajeti ya kila mwezi nayo ikavunjika, na hilo halinishangazi. Bajeti hukuambia kiasi cha kutumia bila kukuambia utumie kwa kitu gani, hivyo mwezi ukianza unazo pesa zinazotafuta tochi, na tochi za kuuzwa hazijawahi kuadimika. Amua kwanza mkusanyiko wako unahusu nini. Mtu anaweza kujifunga kwenye ukubwa mmoja wa betri, akakusanya tochi za 18650 peke yake, chaja ikawa moja na betri chache zikazunguka kwa zote. Hivyo ndivyo nilivyojifunga mimi. Mwingine anaweza kukusanya tochi ndogo za kufungia funguo, akazitafuta kwa mwanga wa chini kabisa, ule usiofika lumeni moja, ambao ni mtamu sana kwa kusomea kitandani bila kumwamsha mtu. Mwingine huvutwa na historia: kutoka zile tochi za bomba la karatasi na nyuzi zilizofuata hataza ya mvumbuzi David Misell ya mwaka 1899, hadi tochi ya Maglite ya Anthony Maglica iliyoanza kuuzwa mwaka 1979, hadi enzi hii ya LED. Mpaka wowote kati ya hiyo ni halali. Faida yake ni kwamba punguzo la bei likitangazwa usiku wa manane, tochi iliyo nje ya mpaka si yako hata kama imeshuka nusu, na huna haja ya kubishana na nafsi yako. Bajeti ikiwekwa baada ya hapo hukaa, kwa kuwa vinavyoigombea ni vichache.

Nunua na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali inayopotea kimyakimya kuliko tochi ndogondogo, kila moja ikionekana si kitu. Kwa kila tochi andika tarehe, bei ya tochi, gharama ya kusafirishiwa, ushuru kama ulitozwa, betri uliyoinunulia, na safu ya mwisho iwe ya shemeji: ina tofauti gani na zilizopo? Ukishindwa kuijaza safu hiyo kwa sentensi moja isiyo na neno “nzuri”, ujue jibu. Ninayoitamani huiandika kurasa za nyuma pamoja na tarehe ya siku niliyoitamani, na siinunui mpaka mwezi mzima upite. Nyingi hukatwa kwa kalamu kabla mwezi haujaisha, na huzikata bila uchungu, kwa kuwa toleo jingine huwa limeshatangazwa.

Usidharau gharama ya betri katika hesabu hiyo. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazotumwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama shehena katika ndege za abiria, na hii ni sababu mojawapo ya wauzaji wa mbali kutoza zaidi au kukataa kabisa kuzituma. Hapo ndipo mtu hushawishika kununua za bei rahisi zilizoandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi). Betri nzuri ya 18650 huwa na takriban mAh 3,500. Hiyo nyingine imeandikiwa uongo, na betri ya uongo ndani ya bomba la chuma lililofungwa ni hatari pia kwa mwenye kuishika. Nunua chache za kuaminika. Betri ya lithiamu-ioni huchakaa hata ikiwa imelala, na huchakaa upesi zaidi ikilazwa imejaa mahali penye joto, kwa hiyo usiinunulie kila tochi betri yake. Zisizo kazini zichomoe, uziache karibu na volti 3.7 badala ya 4.2 za kujaa, uzihifadhi mahali pa baridi na pakavu. Tochi nyingi zenye swichi ya kielektroniki hunyonya umeme kidogokidogo hata zikiwa zimezimwa, na kulegeza kifuniko cha nyuma robo ya mzunguko huukata mkondo huo kwa zilizo nyingi.

Kuhusu yale matoleo maalumu ya idadi ndogo unayoyaita akiba, hapo hatukubaliani. Ni kweli kwamba machache huuzwa tena kwa bei nzuri, lakini mkusanyaji aliyeshikwa na haja ya pesa leo hana hakika ya kumpata mnunuzi leo, na tochi ya kawaida ya alumini hushuka bei mara kisanduku kinapofunguliwa. Ihesabu kuwa pesa iliyokwisha kutumika. Kikirudi chochote, kimerudi. Kuuza ni jambo jema kwa sababu nyingine: ukijiwekea sharti la kutoa moja au mbili kabla ya kuingiza moja, utalazimika kuzitazama zile za chini ya droo, nyingine hukumbuki hata zinavyowashwa. Uziuze pamoja na kisanduku na karatasi zake, na kama zina kasoro useme.

Kwa kuwa mkono wako ni mtulivu, nakushauri ujifunze kulehemu. Baadhi ya tochi, hasa zile sahili za kampuni ya Convoy, hufunguka kwa urahisi, na LED yake huuzwa ikiwa juu ya kibao kidogo cha shaba ambacho unaweza kukibadilisha kwa kuunga waya mbili na kupaka dawa ya kupitisha joto chini yake. Utapata mwanga mpya kabisa katika gamba la zamani kwa sehemu ndogo ya bei ya tochi nyingine, na jioni yote itakuwa imekwenda kwenye kazi badala ya kuperuzi bei.

Mwisho uliniuliza juu ya ile ya titani. Mimi nisingeinunua, na sababu haiko kwenye bei peke yake. Aloi ya titani inayotumika sana kutengenezea tochi hupitisha joto kwa taabu, chini ya sehemu moja ya kumi ya inavyopitisha alumini, kwa hiyo LED ileile na saketi ileile ndani ya gamba hilo hulazimika kushusha mwanga mapema zaidi. Utakuwa umelipa zaidi upate mwanga mdogo zaidi. Kama unaipenda kwa jinsi inavyoshikika na rangi inayopata ikipashwa moto, hiyo ni tofauti ya kweli na sitakucheka; iandike tu hivyo kwenye safu ya shemeji, umsomee, kisha uingoje mwezi wake kama zilivyongoja nyingine.

Nijibu unieleze umechagua mpaka upi. Zile za 18650 ambazo zitaangukia nje ya mpaka huo, nitajie kwanza mimi kabla hujazitangaza, kwa bei ya daftari.

Wasalaam,
Nduguyo katika tochi